Kikombe Mezani: Kesi ya Sumu ya Mfalme Joffrey

Marehemu ni mfalme, kijana ambaye hata ndevu hazijamkaa sawasawa, aliyefia kwenye karamu ya harusi yake mwenyewe. Mshtakiwa ni mjomba wake. Wageni ni mamia, na hakuna hata mmoja anayesema aliona sumu ikitiwa. Kielelezo kikuu ni kikombe cha mvinyo, na mtu wa mwisho kukishika kabla ya marehemu ni huyo huyo mjomba. Juu ya hayo, marehemu alimnyooshea kidole kabla roho haijatoka. Jalada la namna hii likifika Kitengo cha Jinai cha Mahakama Kuu pale Milimani, Nairobi, hata wakili wa utetezi angeanza kwa kumuuliza mteja kama yuko tayari kukiri kosa dogo.

Nazungumzia kifo cha Joffrey Baratheon, mfalme wa kubuni katika tamthilia ya Game of Thrones, msimu wa nne, kipindi cha pili, kilichorushwa Marekani usiku wa Jumapili tarehe 13 Aprili 2014. Kwa saa zetu hiyo ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Jioni ya siku hiyo flashi zilikuwa zimeshapita maduka ya muvi ya mjini na kuingia mitaani, na aliyekuwa hajaona alikuwa anaziba masikio ndani ya matatu. Kama wewe ndiyo kwanza unaanza kuitazama tamthilia hii, rudi baadaye. Hapa nitataja kila kitu, muuaji akiwemo.

Mimi ni karani wa wakili. Siku yangu inapita kwenye majalada, taarifa za mashahidi na orodha ya vielelezo, na kazi hiyo imeniharibia utazamaji wa tamthilia, kwa sababu mtu akianguka mezani mimi natafuta kikombe kimeenda wapi. Kesi hii ya Joffrey nimeijadili na watu wengi miaka hii yote, na karibu kila mmoja anaanza pale pale: "Alistahili." Halafu mazungumzo yanaishia hapo. Ninachodai mimi ni kwamba neno hilo ndilo lililomficha muuaji. Mtu akichukiwa na dunia nzima, kila aliye karibu naye anakuwa na sababu ya kumuua, na sababu ikiwa ya kila mtu haimwonyeshi yeyote.

Tuanze na chuki yenyewe, japo kwa ufupi. Huyu ndiye aliyeagiza Ned Stark, mtawala wa kaskazini, akatwe kichwa mbele ya umati mwaka 2011, baada ya mzee wa watu kukubali kukiri uongo ili aokoe binti zake. Akampeleka Sansa, binti wa Ned aliyekuwa mchumba wake, juu ya ukuta akaangalie kichwa cha baba yake kimechomekwa kwenye mti. Akaamuru askari wa ulinzi wake ampige binti huyo mbele ya baraza zima na kumchania nguo. Ros, mwanamke asiyekuwa na wa kumtetea, alikutwa ameuawa kwa mishale ya upinde wa Joffrey, amefungwa kitandani. Jack Gleeson, mwigizaji kutoka Ireland, aliubeba ukatili huo kwa uso laini wa mtoto wa shule, na hiyo ndiyo iliyozidi kuudhi.

Sasa hesabu walioketi kwenye ile karamu. Sansa: baba kauawa na Joffrey, mama na kaka wameuawa kwenye harusi nyingine ambayo familia ya Joffrey ilikuwa na mkono wake. Tyrion, mjomba mwenyewe na mshtakiwa wetu, ambaye ameozeshwa Sansa: kadhalilishwa mchana kutwa. Oberyn Martell: amekuja mjini akiwa na deni la damu na ukoo wa Lannister, wa mama yake Joffrey, na halifichi. Varys, mkuu wa majasusi: ana mipango yake. Hata Tywin, babu mzaa mama, ambaye ndiye anayeendesha serikali, amechoka na mjukuu asiyeambilika. Anayebisha kuhusu Tywin akaangalie kipindi kinachofuata. Maiti imelala hekaluni, mama analia pembeni, na babu anamfundisha Tommen, mdogo wa marehemu, sifa za mfalme mwema. Anamwambia wazi kwamba kaka yako hakuwa mwenye busara, na labda angekuwa nayo angekuwa hai. Polisi wa hapa kwetu wangemwandikisha taarifa babu huyo siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukiuliza nani alimchukia, unapata karamu nzima.

Yaliyotokea mezani yanataka utulivu kidogo. Karamu inafanyika nje, bustanini. Joffrey amemuoa Margaery Tyrell. Asubuhi Tyrion alimpa kitabu cha thamani cha maisha ya wafalme wanne, na Joffrey akakikatakata kwa upanga mpya aliopewa na babu yake. Mchana akaleta kundi la vibeti waigize vita vya wafalme watano, kwa makusudi ya kumuumiza Tyrion, ambaye naye ni kibeti, na Sansa, ambaye kaka yake anaigizwa akiwa na kichwa cha mbwamwitu. Tyrion anamjibu kwa maneno makali yaliyovikwa adabu. Joffrey anammiminia mvinyo kichwani, kisha anamfanya mnyweshaji wake. Anaangusha kikombe, anakipiga teke kiingie chini ya meza, na Sansa ndiye anayeinama kukiokota na kumpa mumewe. Kikombe kinajazwa. Joffrey anamtaka mjomba apige magoti, mjomba hapigi. Hapo bi harusi anapaza sauti kwa furaha: pai imekuja!

Pai inakatwa kwa upanga, njiwa wanaruka, macho yote yako juu. Kikombe kiko mezani. Joffrey analishwa kipande, anasema ni kikavu, anaagiza mvinyo. Tyrion anakichukua kikombe na kumpa. Joffrey anakunywa, anakohoa, anakunywa tena. Halafu koo linafunga.

Hiyo nafasi kati ya pai kuingia na Tyrion kukichukua tena kikombe ndiyo kesi yote. Mengine ni kelele.

Aliyenionyesha hilo ni shangazi yangu wa Pumwani, na wala si mtu wa tamthilia. Alikuwa amekuja kwetu South B siku tuliyokuwa tunarudia kipindi hicho, akaketi na chai yake, haelewi nusu ya Kiingereza chao. Lakini shangazi amesimamia mapishi ya arusi Majengo tangu mimi sijazaliwa. Sufuria za pilau zinapopakuliwa yeye ndiye anayesimama mlangoni, anajua nani ameingia jikoni na nani ametoka, na mgeni akisogelea chakula bila kazi anaulizwa ametumwa na nani. Joffrey alipoanguka sisi tulipiga kelele. Yeye akauliza:

"Kikombe kiliachwa na nani pale mezani?"

"Shangazi, ni yule mfupi ndiye aliyempa."

"Kumpa nimeona, mwanangu. Nauliza kabla ya hapo kilikuwa mbele ya nani."

Tukarudisha nyuma. Kilikuwa upande wa akina Tyrell, watu wa bi harusi. Shangazi akamkamata bi harusi papo hapo: ndiye aliyepiga kelele za pai, ndiye aliyemlisha, ndiye atakayebaki na heshima ya umalkia bila adhabu ya mume. Hakutaka kusikia lingine. Alikosea kwa kiti kimoja tu. Aliyekuwa karibu na kikombe alikuwa bibi yake bi harusi, Olenna Tyrell, aliyeigizwa na Diana Rigg. Lakini shangazi aliuliza swali ambalo mahakama ya King's Landing, mji mkuu wa ufalme huo, haikuuliza hata mara moja katika siku nzima ya ushahidi.

Hebu tuupime sasa ushahidi wenyewe, kwa sheria tunayoitumia hapa.

Ushahidi wote dhidi ya Tyrion ni wa kimazingira, kwa sababu hakuna aliyemwona akitia kitu. Kanuni ya ushahidi huo Afrika Mashariki iliwekwa mwaka 1949 katika kesi ya Kipkering arap Koske, na bado inanukuliwa Milimani kila wiki: mambo yanayomwelekea mshtakiwa lazima yasiweze kabisa kupatana na kutokuwa na hatia kwake, wala yasiwe na maelezo mengine ya maana isipokuwa kwamba ni yeye aliyetenda. Mwaka 1958 kesi ya Simoni Musoke ikaongeza kwamba kabla ya kumtia mtu hatiani lazima mahakama ihakikishe hakuna mambo mengine yanayoambatana na hayo yanayoudhoofisha mnyororo. Pete moja ikikatika, mshtakiwa anaenda nyumbani.

Kidole cha marehemu ndicho kinachotisha zaidi, kwa hiyo tuanze nacho. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 33, inaruhusu maneno ya mtu aliyekufa kuhusu sababu ya kifo chake, na ishara ya mkono inaweza kuchukuliwa kama maneno. Lakini tangu kesi ya Pius Jasunga ya mwaka 1954 mahakama zetu huyapokea kwa tahadhari kubwa, kwa sababu anayekufa hahojiwi na anaweza kuwa anasema anachodhani. Joffrey alijua nini? Alijua nani kampa kikombe. Hakujua nani kakitia sumu. Tena alikuwa anakufa kwa kukosa hewa, macho mekundu, damu puani, na aliyekuwa mbele yake ni mtu ambaye yeye Joffrey alishinda akimtesa tangu asubuhi. Mimi hata sina hakika kwamba kidole kile kilikuwa cha kushtaki. Inawezekana alikuwa anaomba msaada. Mama yake, Cersei, alikisoma alivyotaka kukisoma, na kutoka hapo kikawa hukumu.

Halafu kuna kikombe kilichoanguka. Wakati kila mtu anamkimbilia Joffrey, Tyrion anainama, anakiokota na kuchungulia ndani. Cersei anageuka, anamwona nacho mkononi, na mchezo umeisha. Upande wa mashtaka ungeipenda picha hiyo. Mimi naiona ni ya utetezi. Tyrion ni mtu mwenye akili kuliko wote mle bustanini. Angetia sumu yeye, asingekigusa tena kikombe kile mbele ya mama wa marehemu. Aliyekiokota ni mtu aliyekuwa anajiuliza swali lile lile la shangazi.

Tishio nalo lipo kweli. Cersei alitoa ushahidi kwamba Tyrion aliwahi kumwambia itakuja siku atajiona salama na mwenye furaha, na furaha hiyo itamgeukia majivu mdomoni. Hakudanganya. Ila maneno hayo alitupiwa yeye Cersei, katika msimu wa pili, baada ya kumkamata na kumpiga mwanamke aliyemdhania kuwa ni wa Tyrion. Joffrey hakutajwa, sumu haikutajwa. Maneno ya ugomvi wa ndugu ukiyafanya ushahidi wa mauaji, nusu ya Nairobi iko rumande.

Upande wa kemia ndio aibu tupu. Hapa kwetu maiti ya mtu anayeshukiwa kulishwa sumu inapasuliwa na daktari wa serikali, sampuli za tumbo, ini, figo na damu zinafungwa na kupewa alama, zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kila mkono uliozishika unaandikwa. Mnyororo huo ukiwa na pengo, wakili wa utetezi anasherehekea. King's Landing kazi yote hiyo iko kwa mtu mmoja, Pycelle. Ni yeye mwenye ghala la sumu, ni yeye daktari, ni yeye mkemia, ni yeye shahidi. Na ana kisasi, maana Tyrion alipokuwa madarakani alimtupa jela na kumkata ndevu. Akasimama kizimbani kwa mashahidi akamwita Joffrey mtoto mtukufu kuliko wote walioletwa duniani na miungu. Shahidi anayesema hivyo kuhusu Joffrey ungemwamini kwa lipi tena?

Hata hivyo katika porojo zake Pycelle alitoa kitu kimoja cha maana, akakipita bila kukiona. Alileta mkufu uliokutwa kwenye maiti ya Dontos, yule mlevi aliyewahi kuwa askari wa heshima na kugeuzwa kichekesho cha mfalme, na akasema ndani yake kuna mabaki ya sumu hiyo adimu. Mkufu ule Sansa aliuvaa harusini. Basi sumu haikutoka ghalani mkononi mwa Tyrion. Iliingia bustanini ikining'inia shingoni mwa binti wa watu. Upelelezi ulitakiwa uanze upya kutoka hapo. Dontos aliupata wapi? Jiwe gani halipo? Nani alimkaribia Sansa kiasi cha kuligusa? Mahakama ikaridhika kwamba mume na mke ni kitu kimoja, ikaendelea.

Ukirudisha nyuma utamwona aliyemkaribia. Kabla ya mambo kuharibika Olenna anakuja kwa Sansa kumpa pole kwa msiba wa kaka yake. Anamtengeneza nywele kama bibi yeyote anavyomtengeneza mtoto, vidole vinapita shingoni, na papo hapo anashangaa ni mnyama gani anaweza kumuua mtu harusini. Anaondoka. Kamera haikaziwi pale. Picha inapita tu. Baadaye, ukiutazama mkufu, jiwe moja halipo. Ule ujasiri wa kulitamka kosa huku mkono ukilitenda sijauona mara nyingi, na nimesoma taarifa nyingi za washtakiwa.

Naingiza hapa jambo la kitabuni. George R. R. Martin, aliyeandika riwaya na pia mswada wa kipindi hiki chenyewe, aliweka kisa katika kitabu chake cha mwaka 2000. Kule sumu ilikuwa kwenye vito vya wavu wa nywele, na pai aliyokula Joffrey ilitoka sahani ya Tyrion, ndiyo maana wasomaji hubishana mpaka leo kama aliyelengwa alikuwa mjomba mwenyewe. Tamthilia imefunga mlango huo kwa kukiweka kikombe mbele yetu. Martin amewahi kusema alichota kidogo kwenye kifo cha Eustace, mwana wa Mfalme Stephen wa Uingereza, mwaka 1153: kijana aliyekabwa na chakula karamuni, na watu wakabaki kubishana kama ni tonge au ni sumu. Kifo hicho kilimfungulia Henry wa Pili njia ya kurithi ufalme. Sumu ya Joffrey yenyewe ni ya kubuni. Inatengenezwa kwa namna ambayo kifo chake kinafanana na mtu aliyepaliwa, na kama kusingekuwa na kidole na kikombe, pengine wangesema ni pai tu.

Turudi mahakamani, maana benchi la majaji ndilo linalonichekesha kila nikiliona. Majaji ni watatu. Mwenyekiti ni Tywin, baba wa mshtakiwa na babu wa marehemu, ambaye katikati ya kesi anakubaliana chemba na Jaime, mwanawe mwingine, jinsi hukumu itakavyokuwa: Tyrion akutwe na hatia, aombe huruma, apelekwe uhamishoni kulinda ukuta wa kaskazini. Wa pili ni Mace Tyrell, mwana wa kuzaa wa Olenna. Mtoto wa muuaji ameketi kumhukumu mtu mwingine kwa kosa la mama yake, na hana habari. Wa tatu ni Oberyn, ambaye siku chache baadaye anavua ujaji na kuingia uwanjani kumpigania mshtakiwa yule yule. Katika nyumba nzima ile aliyejiondoa kwenye kesi kwa sababu ya undugu ni Tommen peke yake, mtoto mdogo, aliyesoma tangazo la kujiondoa akakabidhi kiti kwa babu.

Ibara ya 50 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya mahakama huru, wakili, na nafasi ya kupinga ushahidi. Tyrion hakuwa na wakili. Alipotaka kuwahoji mashahidi alinyamazishwa. Kwa Varys aliruhusiwa swali moja. Alipoletwa Shae, mwanamke aliyempenda, akasema uongo kwamba Tyrion na Sansa walipanga mauaji pamoja, Tyrion aliacha kesi. Akawaambia kosa lake ni kuwa kibeti, akadai haki iamuliwe kwa upanga. Oberyn akaingia kumpigania na akauawa. Kwa sheria ya kule, hiyo ndiyo ikawa hukumu: kifo.

Olenna wakati huo alikuwa ameshafungasha na kuondoka mjini.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomshangilia. Nia yake tunaijua tangu msimu wa tatu. Alimwita Sansa kwenye chai, yeye na Margaery, akamtaka aseme ukweli kuhusu Joffrey. Binti akatetemeka, akasema ni jitu la kutisha. Bibi akasikitika kidogo, kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha siku ya safari, na harusi haikuvunjwa. Kwenye kikao hicho hicho aliagiza jibini. Mtumishi akasema italetwa baada ya keki, naye akamjibu jibini inaletwa anapoitaka yeye. Mtu wa namna hiyo hatendi kwa hasira ya ghafla. Alimtaka mjukuu wake awe malkia, na mume alikuwa ndiye kikwazo. Baada ya kifo alimwambia Margaery wazi kwamba asingemwacha aolewe na mnyama yule, na mwaka 2015 tukamwona Margaery akiolewa na Tommen mpole, taji liko pale pale.

Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ni mauaji kusababisha kifo cha mtu mwingine kwa kitendo haramu na kwa nia ovu iliyotangulia. Hakisemi marehemu awe mtu mwema. Utetezi wa kumkinga mwingine unataka hatari iliyo mlangoni, na Margaery siku ile alikuwa anacheka na kulisha watu pai. Lakini kinachonikera si hilo la kumuua Joffrey. Ni kwamba sumu ilibebeshwa Sansa, yatima mateka, bila yeye kujua, na njama ilipangwa ili akitoweka aonekane yeye na mumewe ndio wahalifu. Petyr Baelish, mshirika wa Olenna, alimnunua Dontos, akaandaa meli, kisha akamfanya Dontos apigwe mishale kabla hajalipwa. Huyo Baelish ndiye aliyemweleza Sansa kwamba asiye na sababu ya kuua hashukiwi na mtu. Kanuni yake ni sahihi, na alikuwa na nyingine asiyoitaja: pale ambapo wote wana sababu, anashukiwa anayechukiza machoni mwa jaji. Tyrion alikuwa amehukumiwa na baba yake tangu siku aliyozaliwa.

Ukweli ulitoka tarehe 30 Julai 2017, msimu wa saba. Jeshi la Lannister limeiteka ngome ya Olenna, na Jaime amemletea sumu isiyo na maumivu. Anainywa yote kwanza. Halafu ndiyo anasimulia jinsi Joffrey alivyokufa, anakiri hakuwahi kuiona sumu ile ikifanya kazi na hakutarajia iwe vile, na anamtuma Jaime akamwambie Cersei kwamba aliyefanya ni yeye.

Watu wanaikumbuka kama mazungumzo matamu. Mimi nimeitazama kama karani, nikaona ombi. Ungamo la mshtakiwa hapa Kenya lazima litolewe mbele ya jaji, hakimu au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na shahidi wa kuchagua mwenyewe akiwepo. Kwa hiyo huwezi kumshtaki Olenna kwa maneno ya Jaime. Lakini Olenna amekufa, na aliyetamka jambo linaloweza kumfikisha yeye mwenyewe mahakamani, kisha akafa, maneno yake yanapokewa chini ya kifungu kile kile cha 33. Ibara ya 50(6) ya Katiba inamruhusu aliyetiwa hatiani kuomba kesi isikilizwe upya ukipatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Jaime aape kiapo chake mapema, maana vita havimwachi mtu. Cersei naye aitwe, kwa sababu ndugu yake alimfikishia ujumbe na hawezi kusema hakusikia.

Kwa kifo cha Joffrey ningemwambia wakili wangu apeleke ombi hilo masjala kesho asubuhi, na naamini lingefaulu. Shida ni kwamba usiku aliotoroshwa jela, Tyrion alipitia chumbani kwa baba yake, akamkuta chooni, akampiga mishale miwili ya upinde. Hilo lina jalada lake, na mshtakiwa alionekana.